TUKAGUE AMPLIFAYA KUUKUU KABLA YA KUINUNUA



Fedha hizi tumezipata kwa jasho la alizeti, hapa Singida. Basi tusinunue amplifaya ya gitaa kwa kutazama rangi tu.

Amplifaya za zamani zina valvu, yaani taa za kioo. Valvu huchakaa. Tuiwashe, tungoje dakika 5, tupige gitaa. Sauti ikiwa dhaifu au ikikwaruza, tushuku valvu.

Tuchungulie nyuma. Mwanga mdogo wa rangi ya chungwa ni kawaida. Bati la ndani likiwa jekundu kama chuma cha mhunzi, tuzime upesi! Kioo kikiwa cheupe kama maziwa, hewa imeingia, valvu imekufa.

Tusitie mkono ndani. Umeme wa volti 300 na zaidi huweza kubaki hata tukizima. Fundi abadilishe valvu moja moja. Sauti ikirudi, mgonjwa tumemjua. Hapo ndipo tupatane bei.