Programu ya Kuchorea Kazi za Mbao: Ipi Itatufaa?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)

Bwana Mwenyekiti na ndugu wanachama,

Kamati imetuomba sisi mafundi wa mbao wa karakana tuseme machache juu ya programu za kompyuta za kuchorea samani, kwa sababu liko shauri mbele yenu la kutoa fedha katika mfuko wa tawi. Tumejaribu tatu, jioni nyingi baada ya zamu, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, mtu achore kwa nini? Wengi wetu hutengeneza meza, vitanda na makabati ya kuuza, ili mshahara usikatike katikati ya mwezi. Chukueni ubao wa plaiwudi wa milimita 2440 kwa 1220. Mteja ataka rafu 4 za milimita 610. Nne mara 610 ni 2440 barabara, na fundi afurahi. Lakini msumeno nao hula! Ukila milimita 3 kila mkato, mikato 3 imekula 9, na rafu ya mwisho yatoka 601. Hapo yapasa kununua ubao wa pili, na faida yote imekwenda. Aliyechora mapema angalifanya kila rafu 607, na kabati lingekaa sawa.

Programu iliyo rahisi kupita zote ni SketchUp, iliyotoka mwaka 2000. Wachora mstatili, wauvuta juu, nao wawa ubao. Mwenzetu ambaye hajapata kushika kompyuta alichora kigoda jioni ile ile. Lakini someni masharti. Ile ya bure hufanya kazi ndani ya intaneti, basi bando likiisha nawe umesimama. Tena ni ya matumizi ya mtu mwenyewe, si ya biashara. Anayechora kabati la kuuza yampasa alipe, na tangu mwaka 2020 leseni ya kununua mara moja haiuzwi tena. Ni ada, na muda wake ukiisha ni ada nyingine. Randa yako ukiisha kuinunua ni yako mpaka kufa, hii sivyo.

Yuko mwuzaji mmoja mjini aliyesema atatuwekea ile ya kulipiwa bila kulipa. Tulimkatalia. Chama kinachodai kila siku kwamba mikataba ifuatwe kitasema nini kikikutwa na mali ya wizi ofisini?

LibreCAD ni ya bure kabisa, lakini huchora bapa tu, kama karatasi. Kwa mlango au fremu ya dirisha yatosha.

Iliyobaki ni FreeCAD. Ilianza mwaka 2002, nayo hutengenezwa na watu wengi wa kujitolea wa nchi mbalimbali; toleo lao la 1.0 lilitoka mwaka 2024. Haina ada, haihitaji intaneti ikiisha kuwekwa, na hakuna anayekukataza kuuza ulichochora. Hatutawaficha, siku za kwanza inachosha. Vitufe ni vingi, na ukikosea kuanza mchoro wavurugika. Lakini vipimo waweza kuviandika katika jedwali na kuufunga mchoro humo. Mteja akisema kabati liwe refu zaidi, wabadili tarakimu moja na mbao zote zafuata. Kwetu sisi hilo moja lashinda urahisi wote wa ile ya kwanza.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayojua mbao. Saiprasi mbichi itapinda ingawa mchoro umenyooka, na ubao wa inchi 1 ukipita randa haubaki inchi 1. Basi pimeni mbao zenyewe kwanza, ndipo mwandike vipimo katika kompyuta.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali hivi: mfuko usilipe ada ya programu yo yote. Fedha hizo zinunue kompyuta moja iliyokwisha tumika, iwekwe FreeCAD, ikae ofisini kwa kila mwanachama. Anayetaka kuchora kigoda tu cha nyumbani kwake na atumie SketchUp ya bure, hapana ubaya.

Shauri likipita, tutaanza kufundisha Jumamosi saa nane mchana. Kila mtu aje na futi yake, na vipimo vya kitu kimoja alichokwisha agizwa na mteja.