Wanaosimamia wasiolipwa

Tuwaangalie wanaosimamia marelee, wale wajitolea wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Kabambare, mkoani Maniema, mzigo wa kuwasimamia ni wa mwuguzi mkuu wa kituo: humlipi mtu, lakini unataka aamke alfajiri siku ya chanjo, na daftari lake lijae. Kila msimamizi anajitafutia mbinu peke yake, kana kwamba ndiye wa kwanza.

Na jirani yetu Kasongo ndiyo iliyowahi kuifundisha dunia! Miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerpen, Ubelgiji, uliunganisha hospitali, vituo na wenyeji katika mpango mmoja. Mwaka 1981 jarida la Lancet likachapisha utafiti wake kuhusu chanjo ya surua. Ubelgiji wanausoma, sisi je?

Tusiishie Ulaya. Mwaka 2023 Kenya ilitangaza posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa wahamasishaji wake wa afya, serikali kuu na kaunti zikichangia nusu kwa nusu. Wasimamizi wao wanasema Kiswahili. Wauguzi wa Kabambare, waulizeni wenzenu: posho ikichelewa, nani hubaki kazini?