Mashini haikufa, ilikosa hewa

(Maneno tuliyotoa mbele ya mkutano wa wanachama, Rumangabo)

Mlituomba tueleze habari ya ile ordinatere ya ofisi, ile inayotunza majina ya familia zilizorudi na michango ya kila mwezi.

Tuanze na kosa letu. Ilipoanza kuzimika yenyewe karibu kila siku saa nne asubuhi, sisi tulisema haraka haraka: ni virusi. Wengine wakasema ni umeme wa Matebe, lakini balbu hazikuzimika. Basi komite ikamtazama sekretere kwa jicho baya, eti flashi yake ndiyo imeleta ugonjwa. Sekretere hakuwa na kosa lolote. Tunamwomba msamaha hapa mbele yenu.

Tulipofungua sanduku ndipo tukaona. Prosesa, ile akili ya mashini, ikifanya kazi inatoa joto. Juu yake kuna chuma chenye meno membamba, na feni ndogo ya kukipuliza. Yale meno yote yalikuwa yamezibwa na vumbi, zito kama pamba chafu, vumbi letu hili jeusi la mawe ya volkano. Juu ya sanduku kulikuwa kitambaa cha kufuma, kizuri kabisa, kimefunika matundu ya hewa. Na hatua moja tu pembeni, mbabula ya chai. Chai inapikwa saa ngapi? Saa nne.

Sasa namba, muziandike. Mashini ya mezani ikitulia, prosesa iko kwenye digrii 35 hadi 50. Kazi ikiwa nzito, 60 hadi 80, usiogope. Ikipita 85 mara kwa mara, fungua uangalie. Ikikaribia 95 ama 100, prosesa nyingi zinapunguza mwendo zenyewe, na joto likizidi mashini inajizima ili isiungue. Yetu tuliikuta kwenye 97, na ilikuwa imefungua orodha ya majina tu. Kuzimika kule kulikuwa kujilinda.

Mtu atasema: lakini Rumangabo kuna baridi! Ni kweli, na baridi inasaidia, ila lazima iingie ndani. Tena huku juu, zaidi ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, haibebi joto kama ile ya Mombasa.

Tulizima, tukachomoa waya, tukatoa vumbi nje kwa brashi mpya ya rangi, feni tumeishika kwa kidole isizunguke. Ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma ilikuwa imekauka. Tukaipangusa, tukaweka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kitambaa chenye maji hapana: majivu ya volkano yakilowa yanapitisha umeme.

Siku hizi inakaa kwenye 44. Kuangalia hakuhitaji intaneti. Ukiwasha tu, bonyeza F2 ama Delete, kufuatana na mashini. Kwenye mashini fulani ukurasa wa kwanza unaonyesha joto.

Mbabula imehamia nje, kitambaa kiko kwenye meza ya wageni. Pesa iliyotengwa kwa mashini mpya ingali kwenye sanduku, na ni nyinyi mtasema ifanye nini.