MITA MOJA, VYUMBA SITA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, mkutano wa tawi, Majengo, Mombasa)



Tumeombwa tuseme habari za wale wanaopanga bei ya stima, ya mafuta na ya maji. Wengi wetu twadhani bei hizi hushuka kutoka juu kama mvua, na kazi yetu ni kulowa tu. Sivyo, ndugu zetu. Bei hupangwa na watu, mezani, kwa karatasi, na sheria imetuwekea kiti katika meza hiyo. Kiti kile mara nyingi ki kitupu. Ndiyo maana tumesimama leo.

Kwanza tuulize, kwa nini pawe na mtu wa kupanga bei? Sisi watu wa reli twalijua jambo hili. Njia ya reli ni moja. Huwezi kutandika njia tatu sambamba ili abiria achague. Bomba la maji nalo ni moja katika kichochoro, na waya wa stima ni mmoja. Ukichukia bei ya nyama kwa bucha huyu wakwenda kwa yule, lakini ukichukia bei ya mfereji waenda wapi? Basi mwenye bomba akiachiwa ajipangie bei, atajipangia. Dereva wa gari la moshi hajipi njia mwenyewe, hungoja signali. Mdhibiti ndiye mtu wa signali. Si mwenye gari, wala si abiria. Yafaa awaangalie wote wawili.

Hapa kwetu Kenya wadhibiti hawa ni wawili. Wa stima na mafuta ni EPRA, aliyewekwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, akashika kazi ya tume iliyomtangulia. Wa maji ni WASREB, aliyeanzishwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2002 na kuendelezwa na ile ya 2016. Ndugu zetu wa Tanzania wameziweka kazi hizi chini ya paa moja, nalo ni EWURA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001.

Kazi yao ni hii. Kampuni huleta maombi na kusema: gharama zetu ni hizi, mishahara, matengenezo, madeni, na maji au stima tunayonunua, kwa hiyo twataka bei ipande kiasi hiki. Mdhibiti huzikagua hesabu hizo. Hutazama pia upotevu. Maji hupotea njiani kwa mabomba kupasuka na kwa wizi, na katika nchi hii kiasi kinachopotea hivyo ni zaidi ya 40 katika kila 100. Mdhibiti huweka mpaka wa upotevu unaoweza kutiwa katika bei. Unaozidi hapo, kampuni ijibebee yenyewe. Kisha hutoa tangazo na kusikiliza watu, na baadaye ndipo hukata shauri.

Je, kukagua huko kwafaa kitu? Tutazame mfano wa jirani. Shirika la stima la Tanzania, TANESCO, liliomba bei ipande 67.87 kwa mia. EWURA ikakubali 39.19 kwa mia kuanzia Januari 2014. Mwaka 2016 likaomba 18.19, ikakubaliwa 8.53, na hata hiyo waziri akaisimamisha kabla haijaanza kutumika. Hatusemi kwamba 39 ni kidogo. Mtu wa mshahara mdogo ataisikia. Lakini twaona kwamba ombi likitiwa katika mizani hupungua.

Tena tusimtwike mdhibiti mzigo usio wake. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei ya juu kabisa ya mafuta, na sisi wa Mombasa hupata nafuu kidogo kuliko wenzetu wa bara kwa kuwa mafuta huteremshwa hapa Kipevu. Lakini ndani ya bei hiyo mna kodi, na kodi hupangwa na Bunge. Mwaka 2023 kodi ya VAT juu ya mafuta ilitoka 8 kwa mia ikafika 16, na mwezi wa Septemba mwaka huo lita ya petroli ikapita shilingi 200. Anayetaka kusema juu ya kodi na amwone mbunge wake. Ukimshitaki mtu asiyehusika, mhusika hustarehe.

Sasa tuje nyumbani kwetu, Majengo, maana hapa ndipo penye neno letu.

Nyumba ya Majengo mwaijua. Ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani jikoni na choo. Kila chumba kina jamaa yake. Lakini mita ya stima ni moja, na mita ya maji ni moja.

Katika bei za stima zilizoanza Aprili 2023, mtu wa uniti zisizozidi 30 kwa mwezi aliwekwa katika daraja la wanyonge, lenye bei ya chini. Kabla ya hapo, tangu mwisho wa mwaka 2018, mpaka huo ulikuwa uniti 100. Na aliyezidi 100 akawekwa katika daraja la juu kabisa la nyumba. Haya, tupige hesabu. Chumba chenye taa mbili, redio, feni na kuchaji simu, tuseme chatumia uniti 25. Kingekuwa na mita yake, ni mnyonge, alipe bei ya mnyonge. Lakini vyumba sita mara 25 ni uniti 150, na mita haijui kuhesabu vichwa. Yaona uniti 150 yasema, huyu ni tajiri. Hivyo hamali, fundi wa cherehani na mama wa mahamri, wote sita, hulipa bei ya bwana mwenye nyumba kubwa ya peke yake.

Na maji ni vivyo hivyo. Bei za maji hupanda kwa daraja. Anayetumia kidogo hulipa kidogo kwa kila uniti. Jamaa sita kwa mfereji mmoja hupanda ngazi upesi. Tena hayo ni maji yakitoka. Mombasa yetu hainyweshwi na kisima chake. Hungoja maji ya Mzima, ya Marere, ya Tiwi na ya Baricho, nayo hayatoshi. Mfereji ukikauka twamwita mtu wa mkokoteni. Tukinunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, uniti moja ya maji, ambayo ni lita 1,000, ni mitungi 50, yaani shilingi 1,000. Hakuna bei ya mfereji wa nyumba inayokaribia hapo. Hatumlaumu mtu wa mkokoteni, maana jasho lake ni la halali. Twasema tu kwamba asiye na maji ndiye anayeyalipia zaidi.

Je, aliyeandika daraja hizi alitukusudia mabaya? Hatudhani hivyo. Alikusudia kumsaidia mnyonge. Lakini alifikiri nyumba moja ni jamaa moja, na hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba Majengo nyumba moja ni jamaa sita. Kampuni haikumwambia, maana si kazi yake. Neno hili ni letu, nasi hatukulisema.

Na hapa tukiri kosa letu. Mwaka mmoja tulikwenda katika kikao cha namna hiyo. Tulikwenda wengi na tulisema kwa sauti. Tulisema maisha ni magumu, bei ni ghali, watoto hawashibi. Yote yalikuwa kweli. Wenzetu wa upande wa pili walikuwa na faili nene hivi, sisi tulikuwa na mikono mitupu. Karani akaandika mstari mmoja: watumiaji walilalamika juu ya bei. Tukarudi nyumbani. Hasira bila hesabu huandikwa mstari mmoja.

Wazee wa mtaa huu walitutangulia. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa reli, wa bandari na wengine, waligoma kwa siku 12, na mikutano yao wakaifanya hapa Majengo katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulipokwisha, serikali ilimweka Jaji Thacker kusikiliza habari za mishahara, na nyongeza ikatoka. Mgomo ulifungua mlango. Lakini mbele ya jaji ilibidi mtu aseme kodi ya chumba ni kiasi gani, na unga ni kiasi gani.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu kwa kila mwanachama.

La kwanza, tunzeni karatasi. Bili ya maji, ujumbe wa tokeni katika simu, msizifute. Wekeni daftari ukumbini na kuandika siku maji yalipotoka, siku yalipokosekana, na mitungi mingapi ilinunuliwa kwa bei gani.

La pili, kila nyumba iandike idadi ya jamaa kwa kila mita. Tawi litakusanya hesabu hiyo kwa miezi mitatu. Tangazo la bei mpya likitoka, tutapeleka ombi moja kwa maandishi: mita ya jamaa wengi isihesabiwe kama mita ya mtu mmoja, au wapangaji wapewe njia nyepesi ya kupata mita zao.

La tatu, fuateni ngazi. Mwenye malalamiko aanze kwa kampuni, kwa barua, na abaki na nakala. Asipojibiwa aende kwa mdhibiti. Asiporidhika, kuna baraza la kisheria la nishati na lile la maji. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Haikusema kila mita. Imesema kila mtu.

Ndugu zetu, hatuwaahidi kwamba bei itashuka. Pengine watatusikiliza, pengine watatukatalia. Lakini safari hii wakikataa, wakatae wakiwa wanajua. Daftari zipo mezani kwa karani wa tawi, moja kwa kila nyumba. Msiondoke mikono mitupu.

Umoja ni nguvu.