Mabomba ya Chuma na Ndege ya Kujiundia
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Mafiga, Morogoro)



Nimeelezwa kwamba vijana wa Kidato cha Tatu wana nia ya kuunda ndege kwa mabomba ya chuma, na kwamba baadhi ya wazee wamecheka. Mimi sicheki. Mwaka 2019 fundi mmoja wa Tunduma alijulikana nchi nzima kwa helikopta aliyokuwa akiiunda mwenyewe. Wala mabomba si mzaha. Anthony Fokker aliunda ndege za mabomba yaliyochomelewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Piper Super Cub, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1949, kiwiliwili chake ni mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, na ndege za aina hiyo zimetumika miaka mingi kulinda tembo wa Tsavo, Kenya.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Sisi wa Mafiga hatuhitaji kufafanuliwa. Fremu ya pembe nne ukiisukuma hulala upande. Ukiitia bomba la mshazari hupata pembetatu mbili, nayo husimama imara. Kiwiliwili cha ndege ni mfululizo wa pembetatu hizo, na nguvu zote hupita kwenye viungo.

Vijana, nendeni kwa mafundi wanaochomelea mageti na grili za madirisha. Waamkieni, shikeni tupa, jifunzeni. Lakini jueni kwamba kazi ya ndege ina masharti yake.

Kwanza ni chuma chenyewe. Mabomba ya ndege ni ya chuma chenye kromi na molibdeni, na unene wake mara nyingi hukaribia milimita 1 tu. Bomba la geti si badala yake.

Pili ni maandalizi. Ncha ya bomba hukatwa na kupigwa tupa mpaka ikumbatie bomba jingine bila mwanya. Kutu na mafuta huondolewa. Viungo vyote hushikizwa kwanza kwa nukta, kisha huchomelewa kwa kupokezana pande, fremu isije ikapinda.

Tatu ni moto. Kwa gesi ya oksijeni na asetilini, mwali uwe wa wastani: oksijeni ikizidi huunguza chuma, asetilini ikizidi hukitia kaboni kikawa kigumu na chepesi kuvunjika.

Nne ni subira. Kiungo kiachwe kipoe chenyewe, mahali pasipo upepo. Ukikimwagia maji kinaweza kupasuka. Wala usikisage ili kipendeze. Unapokisaga unakipunguzia nguvu.

Msianze na ndege. Anzeni na kiungo kimoja. Kibaneni kwenye jiriwa, mkipinde mpaka kishindwe. Bomba likipinda na kiungo kikabaki kizima, mmefaulu. Kiungo kikiachia, kateni kwa msumeno mtazame ndani moto ulifika wapi. Rudieni hata mara hamsini.

Geti likiachia, mwenye nyumba atamwita fundi arudie. Angani hakuna wa kumwita. Kwa hiyo rangi isipakwe kabla mkaguzi hajaviona viungo, na mtu asipande kabla ya idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Sheria hiyo haikutungwa kuwavunja moyo. Imetungwa ili mama zenu wawaone mkirudi nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, vijana hawa hawahitaji kicheko chetu wala makofi matupu. Wanahitaji mabomba ya mazoezi, miwani ya kuchomelea na fundi wa kuwasimamia kila Jumamosi. Naomba chama chetu kibebe mzigo huo. Mimi naanza kwa kutoa jiriwa.