Majani ya Mgunga na Minyoo ya Mbuzi

(Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wafugaji)



Mvua imeanza, na swali nalijua: tununue dawa gani ya minyoo? Kabla ya dawa, mshike mbuzi, ufunue kope la chini. Ndani kukiwa kwekundu, mwache. Kukiwa kweupe, minyoo inamnyonya damu. Hukaa katika tumbo la nne, na ikifika elfu moja, mbuzi hupoteza takriban mililita 50 za damu kila siku. Mwana-mbuzi hahimili hayo. Huyo apewe dawa leo, kipimo kamili cha uzito wake. Lakini ukinywesha zizi zima kila mara, minyoo huzoea dawa. Wengine wenu mmeshayaona: pesa zimeenda na mbuzi wamekufa.

Sasa majani. Chai ya rangi ikikolea hukaza ulimi. Kinachokaza ni tanini, na mgunga unayo kwa wingi. Ndiyo maana magamba yake hutengenezea ngozi. Tanini hushikana na protini, ikavuka tumbo la kwanza bila kuharibika, ikamfaidi mbuzi mbele. Mbuzi mwenye protini ya kutosha hupigana na minyoo. Tanini yenyewe pia huidhoofisha, na mayai kwenye kinyesi hupungua. Haiimalizi, lakini. Mwenye kope jeupe haponi kwa majani.

Tena kuna suala la urefu. Minyoo michanga hupanda nyasi zenye unyevu, karibu na ardhi. Mbuzi anayekula majani ya juu hakutani nayo. Tukikata migunga yote kwa makaa, tunamlazimisha ale chini kama kondoo, kisha tunarudi dukani kutafuta dawa. Makaa hayo mimi nayaona ghali sana.

Wenye kaliandra, ikate na kuilisha siku hiyo hiyo, maana ikinyauka haisagiki vizuri tumboni. Isizidi theluthi moja ya chakula. Tanini ikizidi mbuzi hukataa kula, akakonda. Funga matawi uyaning'inize, yasiguse kinyesi.

Nimekuja na kadi ya rangi za kope, ile iliyobuniwa Afrika Kusini. Leteni mbuzi watano hapa mbele tuwapime, tuanze na yule mwenye uvimbe chini ya taya.