Amechoka, Wala Si Mvivu

Ninyi mlio jikoni, ninyi mlio shambani, na ninyi mnaosikiliza mkiwa kitandani kwa ugonjwa, karibuni tukae pamoja dakika chache.

Leo tuifungue Injili ya Marko, sura ya 5. Humo twakutana na watu wawili katika safari moja ya Bwana Yesu. Wa kwanza ni mama aliyetokwa na damu kwa muda wa miaka 12. Wa pili ni binti wa Yairo, mkuu wa sinagogi, naye alikuwa na umri wa miaka 12. Mara nyingi tukihubiri habari hii twahubiri imani ya yule mama, na ni vyema. Lakini leo hebu tuitazame damu yake.

Fikirini, ndugu zangu. Mtu akitokwa na damu nyingi mwezi mmoja tu hulegea. Je, miaka 12? Marko hatuambii uso wake ulikuwaje. Lakini muuguzi wa leo angemvuta ukope wa chini, atazame ndani, kisha ampeleke apimwe upungufu wa damu.

Basi, upungufu wa damu ni nini? Si kwamba mishipa imebaki mitupu. Ndani ya damu mna chembe nyekundu, na kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo. Chembe hizo hubeba mzigo huo kwa kitu kiitwacho hemoglobini, na hemoglobini haiwezi kutengenezwa pasipo madini ya chuma. Fikirini kijiji chenye kisima kizuri, lakini wachota maji wamebaki wawili tu. Maji yapo, na bado nyumba zina kiu. Ndivyo ulivyo mwili uliopungukiwa chuma. Hewa i tele puani, lakini miguu, moyo na ubongo vina kiu.

Dalili zake huja polepole kama mwizi. Mtu huamka amechoka kana kwamba hakulala. Akipanda kilima kidogo na ndoo ya maji, hupumua kwa shida na moyo humwenda mbio. Kichwa humuuma, kizunguzungu humshika akiinuka ghafula. Mikono na miguu huwa baridi. Ndani ya kope, ulimi na viganja hupauka. Pembe za mdomo hupasuka, na kucha huwa laini, pengine zikabonyea kama kijiko. Wengine hushikwa na hamu ya kula udongo, au yale mawe laini yauzwayo sokoni, ambayo wengi huyaita odowa. Msimcheke mama alaye odowa. Huenda mwili wake unalia kwa sababu umepungukiwa.

Na kwa kuwa dalili hizi huja polepole, mtu huzizoea. Husema, "Ni uzee," au, "Ni kazi nyingi." Na jirani, je, husema nini? Husema, "Yule ni mvivu." Mume arudipo na kukuta moto haujawashwa, hukasirika. Mwalimu amwonapo msichana akisinzia darasani, humwadhibu. Hata kanisani tumewahi kusikia ikinenwa kwamba fulani amepoa kiroho, kwa kuwa haonekani tena kwenye maombi ya alfajiri. Wapendwa, tuogope kuita dhambi kitu ambacho ni ugonjwa. Nabii Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, tena mara mbili. Maneno yalikuja baadaye.

Wala hili si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019, ulimwenguni kote, asilimia 40 hivi ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, pamoja na asilimia 37 ya wajawazito na asilimia 30 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kwa hesabu hiyo, mahali walipoketi kina mama kumi, watatu kati yao huenda wanabeba mzigo huu kimya kimya.

Damu hupotelea wapi? Kwa wanawake wengi ni hedhi nzito, na uzazi wa karibu karibu. Mimba nayo hudai chuma kingi, kwa ajili ya mama na kwa ajili ya mtoto. Tena kuna minyoo ya safura, ambayo huingia kupitia ngozi ya miguu mitupu ikanyagapo udongo wenye uchafu wa choo, kisha hukaa tumboni ikinyonya damu. Kuna malaria, ambayo huvunja chembe nyekundu. Kuna vidonda vya tumbo vinavyovuja ndani. Ninyi wazee wa kiume, sikilizeni hapa: mwanamume mzima akikutwa na upungufu wa chuma, yafaa atafutwe mahali damu inapovujia, kwa maana pengine ni uvimbe wa saratani katika utumbo. Asiridhike na chupa ya dawa ya kuongeza damu aliyoinunua stendi ya basi.

Yule mama wa Marko alitumia mali yake yote kwa waganga wengi, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Sisi leo tuna neema ya kipimo. Tone la damu kutoka kidoleni laweza kuonyesha kiasi cha hemoglobini. Kwa mwanamke asiye na mimba, ikiwa chini ya gramu 12 katika desilita moja ya damu, huo ni upungufu. Kwa mwanamume ni chini ya 13. Basi ombeni, nami nawaombea, kisha nendeni mkapimwe. Na msijipe vidonge vya chuma kwa kukisia, kwa maana si kila upungufu wa damu ni upungufu wa chuma. Mwenye ugonjwa wa selimundu, kwa mfano, aliyeongezewa damu mara nyingi, huenda ana chuma kingi kupita kiasi, na kuongeza kingine ni kumdhuru.

Ukipewa vidonge hivyo na mganga wa zahanati, uvumilie. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Huenda tumbo likasokota au choo kikawa kigumu. Rudi umweleze aliyekutibu, usivitupe. Wengi huacha mara tu wapatapo nguvu, lakini ghala ya mwili bado ni tupu. Kwa kawaida huendelea kumezwa kama miezi mitatu baada ya damu kurudi kiasi chake, ili akiba ijae. Viwekeni mbali na watoto, kwa kuwa mtoto akivila kama peremende vyaweza kumwua. Na mama mjamzito, kile kidonge upewacho kliniki, chenye chuma na asidi ya foliki, usikiache kwenye mkoba.

Chakula nacho kina sehemu yake. Maini, nyama na samaki vina chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi. Maharagwe, ndengu, kunde, managu na terere vinacho pia, ila mwili hukipokea kwa shida. Ukila pamoja na chungwa, pera au nyanya mbichi, hupokelewa vizuri zaidi. Lakini chai! Sisi Wakenya twapenda chai. Chai inywewapo pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Basi kunyweni, lakini saa moja au mbili baada ya kula. Wala msimeze vidonge hivyo kwa chai wala kwa maziwa.

Sasa turudi nyumbani mwa Yairo. Bwana Yesu alipokwisha kumfufua yule binti, watu walistaajabu sana. Naye aliwaagiza jambo la kawaida kabisa: msichana apewe chakula. Je, katika nyumba zetu, nyama ikipikwa, nani hupakuliwa kwanza, na nani hubakiwa na mchuzi? Msichana wa miaka 12, ambaye mwili wake umeanza au u karibu kuanza kupoteza damu kila mwezi, na mama anyonyeshaye, hao mara nyingi hula mwisho. Enyi kina baba, mwaweza kuanza mahubiri yenu leo jioni mezani, bila neno hata moja, kwa kusogeza kipande cha ini upande wa pili wa sinia.

Na yule mama aliyejificha katika umati, Bwana hakumwacha aondoke kimya. Alimngoja mpaka akasema kweli yote, kisha akamwita binti yake. Dada zangu, hedhi nzito si aibu ya kuficha. Mwambie muuguzi. Mwambie mumeo. Na ukiona unakosa pumzi hata ukiwa umekaa, au kifua kinauma, au umezimia, au damu haikomi, usingoje Jumapili tuje kukuombea. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto aliyepauka sana viganja na anayepumua kwa haraka.

Juma hili, kabla hujamwita mtu mvivu, mtazame usoni, kisha mwulize, "Wewe, umepimwa damu?" Huenda swali hilo likawa huduma yako kubwa mwaka huu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyehisi mguso wa mgonjwa mmoja katikati ya umati, utupe macho ya kuwaona waliochoka nyumbani mwetu. Uwatie nguvu, na utufanye sisi tuwe tayari kuwapa chakula. Amina.